Strungi Sio Chai ya Kusota

Kenya kuna tusi moja ambalo halionekani kama tusi kwa sababu linaingia kwenye kikombe. Strungi. Mwambie msee umekunywa strungi asubuhi, hatakuuliza ilikuwa tamu ama ilikuwa aje. Atakuuliza kama uko sawa. Anafikiria umesota, maziwa yamekushinda, mwezi umekufikisha kona mbaya. Wengine watakutumia soo ya maziwa kwa simu huku wakicheka. Na mimi nasema hivi, na nitaendelea kusema hadi mchoke: hiyo fikira ndiyo inafanya tuishi ndani ya nchi ya chai bila kujua chai yenyewe ina ladha gani.

Kwanza angalia tunavyoongea. Ukienda dukani unaitisha majani. "Nipe majani ya chwani." Unapewa kipakiti, unafungua, ndani kuna nini? Punje nyeusi ndogo kama mchanga wa kujengea. Jani liko wapi? Hakuna jani hapo. Tumezoea neno mpaka hatuoni kwamba kitu chenyewe kilitoka kitambo. Kuna vijana wengi hapa Nairobi, na wengine wametoka kaunti zenye mashamba ya chai, ambao hawajawahi kuona jani zima la chai lililokaushwa likifunguka ndani ya maji ya moto. Sio kwa sababu wao ni wajinga. Hakuna mtu amewahi kuwawekea.

Sasa uende mall yoyote kubwa Jumamosi. Utapata foleni ya watu wa rika letu wakingoja matcha. Mia tano, mia sita, wengine mia saba na krimu juu. Sina ugomvi na matcha. Wajapani wameifanyia ile chai kazi kwa karne nyingi: mashamba yanafunikwa kivuli wiki kadhaa kabla ya kuchuna, halafu majani yanasagwa kwa mawe taratibu mpaka yawe unga laini. Heshima zao. Shida yangu ni kwamba huyo huyo anayepigwa picha na kikombe cha kijani atakucheka ukimwambia unakunywa chai bila maziwa nyumbani kwako. Matcha ni chai. Tofauti ni kwamba ile imepewa jina zuri na yetu imepewa jina la umaskini.

Na hesabu yake inauma. Kwenye mnada wa Mombasa, kilo moja ya chai ya Kenya imekuwa ikienda kwa wastani wa dola mbili na kitu miaka hii ya karibuni. Tuseme karibu shilingi mia tatu. Kilo moja ukiitengeneza vizuri inatoa vikombe kama mia nne. Kwa hivyo vikombe mia nne vya chai yetu vinauzwa kwa bei isiyofika kikombe kimoja cha matcha pale mall. Soma hiyo tena polepole kama uko na chai mkononi.

Mnajua sisi ni nani kwenye hii biashara? Baada ya China na India, hakuna nchi inazalisha chai kuliko Kenya. Kwa kuuza chai nyeusi nje tuko kileleni kabisa. Tunatengeneza zaidi ya kilo milioni 500 kwa mwaka na zaidi ya asilimia 90 inapanda meli. Mteja mkubwa ni Pakistan, halafu kuna Misri, Uingereza na wengine. Kule inachanganywa na chai za nchi zingine, inawekwa kwenye pakiti yenye jina la kampuni ya huko, na sisi jina letu linapotelea njiani. Chai yetu inatafutwa sana kwa kuchanganya kwa sababu ina rangi kali na inachangamsha ulimi. Yaani sisi ndio tunatia rangi chai za watu.

Kwa nini basi tunatengeneza ule mchanga? Hapa inabidi tuingie kiwandani kidogo, vumilieni.

Chai zote, nyeusi, kijani, nyeupe, zinatoka kwa mmea mmoja, Camellia sinensis. Wengi hudhani chai ya kijani ni mmea mwingine. Hapana. Tofauti ni kile jani linafanyiwa baada ya kuchunwa. Mchunaji anachukua majani mawili na kichipukizi. Yakifika kiwandani yananyaushwa kwa masaa mengi mpaka yalegee. Baada ya hapo njia zinagawanyika. Njia ya kwanza inaitwa CTC. Jani linapita katikati ya rola zenye meno, linapondwa, linararuliwa, linakunjwa kuwa punje. Hiyo mashine ilianzia Assam, India, miaka ya 1930, na ndiyo imeshika viwanda vyetu karibu vyote. Njia ya pili ni ya zamani, inaitwa othodoksi. Jani linaviringishwa bila kusagwa, linabaki limejisokota kama uzi mweusi, na ukiliweka kwa maji linarudi kuwa jani. Chai ya kijani nayo inapitishwa kwenye joto mapema ili isigeuke nyeusi.

CTC sio uchafu, tusidanganyane. Ina faida zake. Inatoa rangi haraka, ina nguvu, inatosha watu wengi kwa pesa kidogo, na inaingia vizuri kwenye vile vifuko vya karatasi. Baada ya kukaushwa inachekechwa kwa ukubwa. Kubwa zaidi ni BP1, inafuata PF1, halafu PD, halafu D1, na hiyo D inasimamia vumbi kwa Kiingereza, mimi sijaiita hivyo kwa matusi. Kisha kuna gredi za chini, zile zinabaki na nyuzinyuzi. Ukinunua pakiti ya bei ya chini kabisa dukani na kuandikwa hakujaandikwa gredi, unaweza kubahatisha mwenyewe umepewa nini.

Lakini hapa ndipo nataka mnisikize vizuri, kwa sababu ndiyo hoja yangu kubwa. CTC ilitengenezwa ikutane na maziwa. Maziwa yana protini inayoitwa kaseini, na hiyo ndiyo inashika tanini, kile kitu kinachokausha ulimi na kufanya mdomo ujikunje. Ndiyo maana chai ya mathee inaweza kuchemka jikoni dakika kumi, ikapanda, ikapulizwa, ikapanda tena, na bado ikawa tamu. Maziwa yanabeba ule ukali wote. Sasa chukua punje zile zile, sufuria ile ile, dakika zile zile, toa maziwa. Umebaki na nini? Maji meusi machungu yanayohitaji vijiko vinne vya sukari ndiyo yapite kooni. Hiyo ndiyo strungi tunayoijua. Ni chai ya maziwa iliyonyimwa maziwa. Lazima iwe na ladha ya kukosa kitu, kwa sababu kweli imekosa kitu.

Chai ya majani mazima haikosi kitu. Haikupikwa ikingoja maziwa. Hizo ni vitu viwili tofauti, na sisi tumevipa jina moja halafu tukavicheka vyote.

Na sio Kenya yote iko hivi. Shuka Pwani. Mombasa, Lamu, Malindi, mtu anaitisha chai ya rangi bila kuinamisha kichwa. Ina iliki, ina mdalasini, saa zingine tangawizi, inakuja na mahamri na mazungumzo marefu, na hakuna mtu anakuangalia kana kwamba umefutwa kazi. Ingia Eastleigh, utapata chai nyeusi yenye viungo na sukari ya kutosha, wazee wamekaa nayo masaa. Ni kitu kile kile. Kule inaitwa ya rangi, huku bara inaitwa strungi. Jina tu limebadilika na heshima ikahama.

Kule bara nafikiri nimeelewa aibu ilitoka wapi. Chai ililetwa Limuru mwaka wa 1903 na ikawa mali ya walowezi. Mpaka miaka ya 1950, Waafrika kwa sehemu kubwa hawakuruhusiwa kuilima. Walikuwa wanaruhusiwa kuichuna. KTDA ilianzishwa mwaka wa 1964, na leo kuna zaidi ya wakulima wadogo laki sita, wengi wako na kashamba ka ekari moja ama chini. Kwa hivyo familia nyingi zilikutana na chai kwanza kama kazi, halafu kama pesa. Ile ya kunywa ilikuja baadaye, na ilikuja na maziwa na sukari, na maziwa na sukari ndiyo ilikuwa ishara kwamba nyumba iko sawa. Mgeni akija ukimwekea bila maziwa umemwambia bila kusema kwamba ng'ombe hakuna na duka limekunyima deni. Naelewa kabisa. Siwezi kumwambia mtu wa miaka sabini aache hiyo heshima. Nabonga na wewe wa miaka ishirini na moja unayelipa mia sita kwa chai ya kijani isiyo na sukari.

Hii maneno kwangu sio ya mitindo. Shosho yangu ana chai Murang'a. Sio nyingi, ni michai ya kutosha kujaza kikapu kimoja na nusu asubuhi ikiwa mvua imenyesha. Nimechuna naye tangu niko darasa la nne, najua vile umande unalowesha shati mpaka kifuani na vile karani kwenye kituo cha kupimia anaweza kukataa kikapu chote kwa sababu ameona majani matatu yaliyokomaa. Mkulima analipwa kwa kilo ya majani mabichi kila mwezi, pesa kidogo ya kusukuma siku, halafu bonasi inakuja karibu na Oktoba. Bonasi ndiyo hupanga maisha. Bonasi ndiyo ilinipeleka chuo. Na mwaka ule bonasi ya kiwanda chetu ilishuka, karo haikutosha, na mimi nikarudi nyumbani muhula wa pili wa mwaka wa pili na sanduku langu. Sijarudi. Simlaumu mtu hapa kwa jina. Nasema tu kwamba kuna watu wanasoma bei ya mnada wa Mombasa kama habari za biashara, na kuna sisi tunaisoma kama matokeo ya mtihani.

Mwaka jana shosho ameanza kuongea habari ya kung'oa. Jirani ameng'oa robo ekari ameweka avokado. Watoto wake wote wako mjini, hakuna anayetaka kuamka saa kumi na moja kwenda kulowa umande, na mchunaji wa kulipwa anachukua sehemu kubwa ya ile pesa ya mwezi. Ukimuuliza kwa nini asiendelee, anakuuliza swali moja ambalo sina jibu lake: "Mjukuu wangu, wewe utakuja kuichuna?"

Desemba nilimbebea pakiti ya majani mazima, othodoksi, nikamtengenezea vile ninavyojua. Amechuna chai zaidi ya miaka thelathini. Hakuwa amewahi kuinywa hivyo. Aliangalia majani yakifunguka kwa glasi, akasema, "Haya ni majani mawili na kichipukizi." Akaonja. Akaniambia inafanana na maji ya kuoshea kikapu, na akauliza maziwa yako wapi. Alimaliza kikombe, lakini kesho yake alinitangulia jikoni na sufuria. Kwa hivyo ukidhani naleta hadithi ya shosho aliyebadilika machozi yakamtoka, pole. Shosho ni wa maziwa mpaka mwisho. Kilichonibakia ni lile jicho lake alipolitambua jani. Hilo alilijua mara moja. Ule mchanga wa dukani hajawahi kuutambua kama wake.

Najua swali lenu linalofuata. Ati nikinunua pakiti moja ya majani mazima bonasi ya shosho itapanda? Hapana, siwezi kukudanganya hivyo. Soko la ndani ni dogo, mashine za othodoksi ni za bei, na wanunuzi wakubwa bado wanataka CTC. Lakini kuna viwanda vya wakulima vimeanza. Kangaita kule Kirinyaga wamekuwa wakitengeneza othodoksi kitambo. Mwaka wa 2011 watafiti wetu wa Kericho walitoa aina mpya kabisa, TRFK 306, chai ya zambarau, jani lake lina rangi ya hudhurungi ya zambarau shambani. Wakulima waliambiwa wapande, wengine wakapanda, halafu wakapata kiwanda cha karibu hakina laini ya kuichakata, ikachanganywa na ya kawaida na kulipwa bei ya kawaida. Kitu kama hicho kinatokea kwa sababu hakuna anayeuliza. Kiwanda hakiwezi kutengeneza kitu ambacho wenye nchi wenyewe wanakiita chai ya kusota. Sisi ndio soko ambalo halihitaji meli, na sisi ndio tumesema tunataka vumbi tu.

Haya, tuingie jikoni, maana kuna mtu amefika hapa anataka tu kujua inatengenezwa aje.

Huhitaji vifaa. Zile video za watu wana buli la kioo, mizani, kipimajoto na kitambaa cha kitani chini ni za kuuza buli la kioo. Mimi naishi bedsita. Niko na birika la umeme, kikombe kikubwa, kisahani cha kufunikia na kichujio cha kawaida cha sokoni. Kama una lile jagi la kahawa lenye kichungi cha kusukuma chini, hata bora. Kitu ninachokataa ni kale kampira ka chuma kenye matundu ka kutumbukiza. Jani zima linavimba mara kadhaa likilowa, na mle ndani linabanwa kama abiria wa matatu ya saa moja jioni. Maji hayalifikii. Acha jani liogelee, utachuja baadaye.

Kipimo ni kijiko cha chai kilichojaa kwa kikombe kimoja cha kawaida, kama gramu mbili na nusu. Majani marefu yaliyosokotwa ni mepesi, kwa hivyo weka kijiko na nusu. Tumia maji freshi, sio yale yamechemshwa mara tatu tangu asubuhi. Na kama maji ya ploti yenu ni ya kisima na yana chumvi, tumia ya kununua kwa hiki kikombe kimoja, kwa sababu hakuna chai inaweza kushinda hayo maji.

Joto ndipo watu wanapoteana, na hapa kuna kitu kizuri sana ambacho hizo video za ng'ambo haziwezi kukuambia. Wanasema chai nyeusi inataka maji ya kuchemka, nyuzi 100. Wewe uko Nairobi. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na maji hapa yanachemka kwa nyuzi kama 94. Hata uyachemshe mpaka birika lilie, hayatapita hapo. Kericho na Limuru ni chini zaidi ya hapo. Kwa hivyo chai nyeusi ukiwa Nairobi, mimina maji yakiwa bado yanatokota, usingoje hata sekunde, na funika kikombe. Kisahani sio urembo, kinazuia joto kukimbia. Dakika nne. Onja kwa tatu na nusu, ukiona bado ni nyepesi ongeza moja. Ukipita sita unarudi kwa ile strungi yenu.

Chai ya kijani inataka joto la chini, nyuzi 75 hadi 80. Ukiimwagia maji ya kutokota inakuwa chungu kama mwarobaini, na ndiyo maana wengi waliijaribu mara moja wakaapa. Bila kipimajoto, fanya hivi: vikombe vinne vya maji yaliyochemka, kikombe kimoja cha maji baridi ya mfereji, changanya. Kwa Nairobi unapata karibu nyuzi 79. Mombasa maji yanachemka kwa 100 kamili na ya mfereji yenyewe ni vuguvugu, kwa hivyo tumia vitatu kwa kimoja. Dakika mbili zinatosha.

Halafu usitupe. Hii ndiyo sehemu ambayo wabahili wenzangu watapenda. Majani mazima yanarudi. Mimina maji mara ya pili, acha dakika moja zaidi ya mara ya kwanza, na unapata kikombe kingine ambacho mimi saa zingine nakipenda kuliko cha kwanza, kimetulia, kina utamu fulani nyuma ya ulimi. Ya kijani inaweza kwenda hata mara tatu. Pakiti yangu ya gramu 100 ilinigharimu shilingi 400. Gawanya kwa gramu mbili na nusu, ni mara arobaini. Kila mara vikombe viwili, vikombe themanini. Shilingi tano kikombe. Chai ya kibanda ni mbao ama zaidi. Sasa niambie nani anakunywa ya matajiri hapo.

Sukari, weka. Mimi sio polisi. Ila fanya hivi: weka nusu ya ile unayoweka kwa kawaida, onja kwanza kabla ya kuongeza. Ukiwa umetoa jani kwa wakati, ule ukali uliokuwa unaufunika na sukari haupo, kwa hivyo ile sukari inabaki haina kazi. Iliki moja iliyopondwa ni sawa. Tangawizi ni sawa. Maziwa kwa othodoksi ya Kenya, tone moja ikiwa nyeusi sana, sikukatazi, lakini onja kwanza bila.

Na hapa niseme kitu kuhusu wauzaji. Kuna watu wamegundua kwamba neno chai likiwekwa karibu na neno tumbo linauza. Zile pakiti za kukufanya uwe mwembamba kwa siku kumi na nne, soma nyuma. Nyingi zina sena, mmea wa kuendesha tumbo. Haujapungua, umeenda choo. Na chai ya zambarau nimesikia ikiuzwa kama dawa ya karibu kila ugonjwa unaoujua. Ina anthosayanini, ndizo rangi zile zile za zabibu na biringanya, na ni kitu kizuri kunywa. Sio dawa ya saratani na sio badala ya kliniki. Mtu akikuuzia hivyo, mwache na pakiti yake, kwa sababu huyo atakuuzia chochote. Kitu kimoja cha afya ambacho ni cha kweli na hakisemwi sana ni kwamba chai inapunguza mwili kuchukua madini ya chuma kutoka kwa chakula. Ukiwa na upungufu wa damu, na wasichana wengi wanao bila kujua, kunywa chai yako katikati ya milo, sio pamoja na sukuma wiki na ndengu.

Nilipoanza kunywa hivi, rafiki yangu mmoja alisema nimekuwa mzungu. Hii ndiyo inanikera kuliko zote. Mmea uko Murang'a, Kericho, Nandi, Kisii, Meru, umechunwa na mama wa hapa, na eti kuutazama vizuri ni uzungu, lakini kununua kifuko chenye jina la kampuni ya ng'ambo kilichojazwa vumbi la huku huku ni kawaida. Hebu tuambiane ukweli. Yule anayelipia safari ya chai yetu kwenda Ulaya na kurudi ndiye mzungu.

Na sisemi uache chai ya maziwa. Chai ya maziwa na mandazi asubuhi ya Julai, baridi imeshika dirisha, hiyo haina mshindani na haitawahi kuwa naye. Hiyo tumia CTC nzuri, BP1 ama PF1, na uichemshe mpaka ikasirike vile inavyotakiwa. Nasema kuna chai ya pili, ya saa kumi jioni ukiwa peke yako na kazi, ama wawili watatu mmekaa kejani hamna pesa ya kutoka, na hiyo ya pili tumeitupa kwa sababu ya jina.

Ukienda kununua, usianze na pakiti kubwa. Gramu 50 zinatosha kujua kama unaipenda. Tafuta iliyoandikwa kiwanda ama shamba ilikotoka, na tarehe ya kufungashwa. Supamaketi nyingi huiweka rafu ya juu kabisa ama ile ya chini kabisa, nyuma ya chai za dawa, kwa hivyo inama. Masoko ya wakulima ya wikendi mjini huwa nayo, na viwanda vingine vinauza langoni ukiuliza kwa heshima. Fungua unuse ukiweza. Nyeusi nzuri inanukia kama kitu kati ya maua na mkate, sio kama karatasi. Jani likionekana limevunjika vunjika kwa pakiti ya bei ya juu, rudisha. Ukipata ya zambarau, itengeneze nyepesi kama ya kijani, halafu kamulia ndimu uone rangi ikigeuka kuelekea pinki mbele yako. Haiongezi kitu kwa mwili, ni ya kufurahisha macho tu, na wageni wanaipenda.

Nyumbani usiiache kwenye pakiti wazi. Chai inavuta harufu ya kila kitu kilicho karibu, na kwa bedsita ambapo jiko, kabati na kitanda vinapumua hewa moja, wiki mbili tu itakuwa na ladha ya kitunguu na sabuni ya unga. Mkebe wenye kifuniko kinachokaza, mbali na jua, mbali na birika. Mimi natumia mkebe wa maziwa ya unga.